Uingereza ilitoka na haikufa: je, Uganda nayo ijitoe Jumuiya ya Afrika Mashariki?

Swali: "Mimi na mume wangu tunanunua mahindi Masindi na Iganga, tunauza ng'ambo ya mpaka kupitia Busia. Machi 2021, Kenya ilipopiga marufuku mahindi yetu, lori letu lilikwama kwenye foleni mpaka mzigo ukaanza kupata joto. Tukauza kwa hasara. Sasa kwenye kikundi chetu cha wafanyabiashara watu wanasema Uganda ijitoe Jumuiya ya Afrika Mashariki, maana Wakenya wanatufungia wakitaka, leo maziwa, kesho mayai. Wanasema COMESA, soko la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, inatutosha. Wataalamu wakionya wanajibiwa kwamba Waingereza nao walitishwa hivyo hivyo, wakatoka Ulaya, na hawajafa. Mzee mmoja hapa anatukumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tumechukua mkopo wa kujenga ghala. Nimsikilize nani?"

Dada yangu, poleni kwa mzigo ule. Mahindi yakishapata joto chini ya turubai, kila saa ya foleni inakula mtaji, na aliyeandika barua ya marufuku hayuko pale kuyanusa. Hasira ya wenzako ina sababu, na sitaanza kwa kuwaambia wanyamaze kwa kuwa wasomi wamesema. Lakini naona mambo mawili yamechanganywa kwenye mjadala wenu: kama maonyo ya wataalamu yana uzito baada ya yale ya Uingereza, na kama kutoka kwenye Jumuiya kungekuondolea adha iliyokupata 2021. Kwa la kwanza, jibu langu ni ndiyo, kwa masharti. Kwa la pili ni hapana, na nitakueleza kwa nini.

Tuanze na Uingereza, kwa sababu hoja ya wenzako imesimama hapo. Kabla ya kura ya maoni ya tarehe 23 Juni 2016, Wizara ya Fedha ya nchi hiyo ilitoa maonyo mawili tofauti. La Aprili lilisema kwamba baada ya miaka 15 uchumi ungekuwa mdogo kwa takriban asilimia 6 kuliko ambavyo ungekuwa kama nchi ingebaki, hata ikipata mkataba wa biashara na Ulaya. La Mei lilisema kura ya kutoka peke yake ingeutumbukiza uchumi kwenye mdororo ndani ya mwaka mmoja. Hili la pili halikutimia. Pauni iliporomoka usiku uleule wa matokeo na bidhaa za kutoka nje zikapanda bei, lakini uchumi uliendelea kukua. Wanaosema wataalamu walikosea hapo wana haki kabisa, na kosa lile liliwaponza hata wale waliokuwa wamesema kweli. Michael Gove, waziri wa sheria wakati huo na mmoja wa vinara wa kampeni ya kutoka, alikwisha kusema kwenye televisheni kwamba wananchi wamechoshwa na wataalamu. Mdororo ulipokosa kufika, maneno yake yakaonekana yamethibitika.

Onyo la Aprili ndilo ambalo watu hawakulifuatilia, maana halikuwa na siku yake ya kutokea. Uingereza ilitoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, na soko la pamoja ikaliacha mwisho wa mwaka huo. Ofisi huru inayotoa makadirio ya bajeti ya nchi hiyo, OBR, inakadiria kwamba kwa muda mrefu biashara yake na nje, kuuza na kununua, itakuwa pungufu kwa asilimia 15 kuliko kama ingebaki, na tija ya uchumi pungufu kwa asilimia 4. Hakuna asubuhi ambayo Mwingereza aliamka akaambiwa leo tumepoteza asilimia nne. Wewe unayajua magunia yaliyotoboka: lori linafika, idadi ya magunia imetimia, na upungufu unaonekana kwenye mizani tu. Ndivyo hasara hii inavyokwenda. Inakuwa mshahara ambao haukupanda, kiwanda kilichojengwa nchi nyingine, kodi ambayo haikukusanywa kwa ajili ya hospitali. Kwa hiyo ni kweli hawajafa. Lakini hakuna mtaalamu makini aliyesema watakufa. Walisema watakuwa maskini kuliko ambavyo wangekuwa, na huko ndiko wanakoelekea.

Sasa sikiliza jambo ambalo nataka ulipeleke kwenye kikundi chenu, kwa sababu linagusa hoja ya COMESA moja kwa moja. Uingereza ilipoachana na soko la Ulaya ilipata mkataba wa ushuru sifuri kwa bidhaa zinazotimiza kanuni za uasili, yaani za kuthibitisha zimetoka nchi gani. Ushuru sifuri, dada yangu, na bado biashara ikapungua. Kilichowaumiza ni makaratasi na ukaguzi: tamko la forodha kwa kila mzigo, uthibitisho kwamba bidhaa imetengenezwa kwao kweli, cheti cha daktari wa mifugo kwa nyama, samaki na maziwa. Mwanzoni mwa 2021 dereva wa lori kubwa aliyekuwa akielekea bandari za Kent alihitaji kibali maalumu cha kuingia jimbo hilo, ndani ya nchi yake mwenyewe, kuthibitisha kwamba karatasi zake zimekamilika. Wauza samaki na kaa wa Scotland, ambao mzigo wao ukichelewa siku moja hauna mnunuzi, waliendesha malori hadi London Januari ile kuandamana mbele ya ofisi za serikali. Kampuni kubwa ziliajiri watu wa kujaza fomu. Walioacha kuuza Ulaya ni wadogo, wenye gari moja au mawili, ambao gharama ya karatasi ilimeza faida yote ya mzigo. Mimi ninapowaza Uganda kutoka, siwazi kampuni kubwa za Kampala kwanza. Nawawaza nyinyi wa Busia.

Tuone basi wewe unafaidika na nini leo bila kukiona. Pale Busia, tangu kituo cha huduma kwa pamoja kizinduliwe mwaka 2018, maofisa wa Uganda na wa Kenya wanafanya kazi chini ya paa moja, na ukienda Kenya unasimama mara moja tu, upande wa Kenya. Utaratibu huo umesimama juu ya sheria ya Jumuiya. Kipimo cha mahindi yako, unyevu usiozidi asilimia 13.5 na sumukuvu, ile aflatoksini, isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni, ni kiwango cha Afrika Mashariki nzima. Nairobi haiwezi kuamka ikajitungia chake kwa ajili yako peke yako bila kuvunja makubaliano. Mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 unavuka kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa hapohapo mpakani. Na mahindi yanayoingia Kenya kutoka nje ya Jumuiya yanatozwa ushuru wa asilimia 50 chini ya viwango vya pamoja vya forodha. Maziwa ni asilimia 60. Sukari ni 100. Ukuta huo sasa unakulinda wewe. Ukitoka, unajikuta upande wake wa pili.

Wenzako watajibu kwamba COMESA itatuokoa na ushuru huo, kwa kuwa Kenya na Uganda zote ni wanachama. Kwa Kenya, kwenye ushuru peke yake, wanaweza kuwa na hoja. Lakini Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, na Sudan Kusini si mwanachama wake. Mtu anayepeleka unga Juba au anayevusha mzigo Mutukula kwenda Tanzania, COMESA haimfikishi. Halafu COMESA ni eneo la biashara huru. Himaya Moja ya Forodha, ule utaratibu wa Jumuiya wa kulipia mzigo kodi ukiwa bado bandarini, haimo humo, wala vituo vya pamoja kama cha Busia havikusimama juu yake, na hapo tunarudi palepale kwa wauza samaki wa Scotland, wenye ushuru sifuri mkononi na kaa waliooza kwenye lori.

Himaya hiyo inastahili maneno machache zaidi, maana wengi huidhani ni jambo la waagizaji wakubwa tu. Tangu 2014 kontena la Kampala linalipiwa kodi kabla halijatoka bandarini. Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, ina maofisa wake Mombasa kwa ajili hiyo. Wahusika wa ushoroba, yaani njia hiyo kuu ya mizigo, walitangaza kwamba safari ya mzigo kutoka Mombasa hadi Kampala ilishuka kutoka siku kama 18 hadi kama 4. Ni zaidi ya kilomita 1,100. Dizeli ya lori lako, mbolea ya mkulima wa Masindi, magunia, turubai, dawa ya kuhifadhi nafaka, vyote vimepita humo. Ongeza siku barabarani, na bei ya mahindi inapanda kabla mkulima hajavuna. Mwanzoni mwa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofunga njia huko Kenya na reli ikang'olewa, petroli iliadimika Kampala kwa siku chache tu, na kila mwenye gari anakumbuka bei zake. Nchi isiyo na bandari ikiondoka kwenye makubaliano na jirani mwenye bandari, inabaki kumwomba.

Kuna ambao watakuambia Tanzania ilitoka COMESA na haikuharibikiwa. Ni kweli. Lakini Tanzania ina pwani yake, ilikuwa tayari ndani ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na ilibaki na Jumuiya yetu. Ilitoka ikiwa na pa kwenda. Mauritania ilijitoa kwenye jumuiya ya Afrika Magharibi, ECOWAS, mwaka 2000, na mwaka 2017 ikarudi mezani kusaini mkataba wa ushirika ili ifanye biashara na majirani walewale. Mali, Burkina Faso na Niger zimetoka humohumo Januari 2025. Hao ni mapema mno kuwahukumu.

Na sisi wenyewe tuna kumbukumbu yetu. Jumuiya ya kwanza, iliyotokana na mkataba uliosainiwa hapa Kampala mwaka 1967, ilivunjika 1977. Baada ya Amin kutwaa madaraka 1971, Nyerere alikataa kuketi naye, kwa hiyo baraza la marais watatu likawa halikutani, huku malalamiko kwamba Kenya inafaidika kuliko wenzake yakiachwa bila majibu. Shirika la ndege la pamoja likafa. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Mgawanyo wa mali na madeni ulikubaliwa 1984 tu, miaka saba baadaye: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Mkataba mpya ulisainiwa 30 Novemba 1999, na Umoja wa Forodha ukaanza Januari 2005. Hesabu mwenyewe: kutoka 1977 hadi 2005 ni miaka 28 ya kurudishia kilichokuwepo. Wafanyabiashara walioanza na ghala mwaka 1977 walizeeka wakiusubiri mpaka ufunguke vizuri.

Nisiseme hayo nikaficha upande wa pili. Jumuiya ina udhaifu mkubwa, na anayeitetea bila kuutaja anakupotosha. Rwanda ilifunga mpaka wake na Uganda wa Gatuna Februari 2019 ukakaa hivyo hadi mwisho wa Januari 2022, na uanachama wa nchi zote mbili haukuwafaa kitu wafanyabiashara wa Kabale kwa karibu miaka mitatu. Kenya imezuia maziwa yetu zaidi ya mara moja. Viwango vya pamoja vya ushuru vina kiwango cha juu cha asilimia 35 tangu Julai 2022, na muuzaji wa soko la Kikuubo, Kampala, anayeagiza bidhaa kutoka China ana haki ya kuuliza analinda kiwanda cha nani. Kila mwaka wa fedha nchi zinaomba ruhusa ya kutoufuata ushuru huo kwa bidhaa hii na ile, hadi mtu anajiuliza upamoja wenyewe umebaki wapi. Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, inatoa hukumu lakini haina polisi. Wanasiasa wetu nao hawana mikono safi: mwaka 2017 Uganda iliweka ushuru mkubwa zaidi kwa sigara zinazoingia nchini, zikiwemo za kutoka Kenya, kuliko zinazotengenezwa hapa. Kampuni ya British American Tobacco ikaenda Arusha, na mwaka 2019 mahakama ikasema sheria yetu inakiuka mkataba.

Lakini utazame vizuri udhaifu huo wote. Kila kimoja ni kanuni iliyovunjwa. Lori lako lilipokwama 2021, Kenya ilikuwa inafanya isiloruhusiwa, ndiyo maana baada ya siku chache marufuku iligeuzwa kuwa masharti: mwagizaji ajisajili, mzigo uwe na cheti cha uasili na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi kiwango. Uganda ikiwa nje, barua ileile ikiandikwa, hakuna kanuni ya Jumuiya itakayokuwa imevunjwa, wala Arusha hakutakuwa na wa kumshtaki. Kilichokuumiza kitakuwa halali mbele ya Jumuiya. Hili ndilo ninalolishikilia kuliko mengine yote niliyoandika hapa, na sijawahi kumsikia mtu wa upande wa kutoka akilijibu.

Kuhusu yule mzee na la mkuu, namheshimu, lakini kwenye mambo ya uchumi mtaalamu asisikilizwe kwa kuwa ni mkuu. Akikupa tarehe, kwamba mwaka fulani kutatokea janga, mtilie shaka. Akikuonyesha njia ambayo hasara itapita, kutoka bandarini hadi mpakani hadi kwenye daftari lako, ifuate hatua kwa hatua uone kama inapita kwako. Waingereza wengi walikataa maonyo yote kwa sababu onyo moja lilikuwa na tarehe mbovu.

Sasa ghala lenu. Kutoka Jumuiya hakuwezi kuja kwa ghafla. Mkataba, ibara ya 145, unadai Bunge lipitishe azimio kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, kisha Katibu Mkuu apewe taarifa ya maandishi ya miezi 12. Usiyumbishwe na maneno ya kikundi wala hotuba za majukwaani. Ukisikia azimio hilo limefika Bungeni, hapo ndipo ubadilishe mipango. Jengeni. Ghala lenye sakafu kavu na nafasi ya kuanika na kupima unyevu linafaa mpaka ukiwa wazi na ukiwa umefungwa, kwa sababu mwenye mahindi makavu anaweza kusubiri bei, na hata Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ambalo hununua nafaka hapa Uganda, hutaka ubora uleule. Nisichokushauri ni kuweka mauzo yote Kenya, wala kuchukua mkopo wa pili juu ya huu kwa matumaini ya msimu mmoja. Tafuteni angalau mnunuzi mmoja wa ndani na mmoja wa njia ya Juba au Congo, hata kama bei yao ni pungufu kidogo.

Mzigo ukizuiwa tena, usiridhike na maneno ya mdomo. Omba sababu kwa maandishi, jina la ofisi na tarehe, piga picha za foleni na kipimo cha unyevu cha siku ile, weka risiti. Nenda siku hiyohiyo kwenye dawati la taarifa za biashara pale mpakani, na uripoti kwenye mfumo wa mtandaoni wa vikwazo visivyo vya kiforodha, kama marufuku na ucheleweshaji. Jumuiya ina sheria ya kuviondoa tangu 2017, na kila nchi ina kamati yake ya kuvifuatilia. Kwa mzigo mkubwa usihangaike peke yako, tumia wakala wa forodha mwenye leseni, na umtake akuonyeshe leseni hiyo.

Mambo mawili hayafai kumalizwa kwa kusoma majibu ya watu kama mimi. La kwanza ni kesi. Mkaazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kuishtaki serikali moja kwa moja kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, lakini ibara ya 30 ya Mkataba inampa miezi miwili tu tangu tendo litokee au alipolijua, na majaji wamekuwa wakali kwa wanaochelewa. Kwa hiyo hasara ikiwa kubwa, mwone wakili ndani ya wiki ya kwanza, tena mwende kama chama, mgawane gharama. La pili ni benki. Mkiona msimu unaharibika na rejesho linalofuata halitatimia, nendeni tawini kabla ya tarehe yake, wewe na mume wako pamoja, na daftari la mauzo na barua ya kuzuiwa mzigo, mwombe ratiba mpya ya marejesho. Baada ya tarehe kupita mtazungumza na kitengo kingine, na hicho kina maswali mengine.